UCHAMBUZI: Droni pekee haitawapa kazi vijana wa Mwala

Katika maonyesho ya kilimo ya miaka ya hivi karibuni, hakuna kibanda kinachovuta umati kama kile chenye droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Chombo hupaa kikivuma mithili ya bumba la nyuki, hunyunyizia maji safu chache za mimea, kisha hutua kwa makofi. Baada ya hapo viongozi hushika kipaza sauti na kutangaza kwamba ajira za vijana zimewadia.

Swali ambalo halijibiwi katika hotuba hizo ni dogo lakini zito: kazi hiyo itakuwa ya nani, na itapatikana vipi katika eneo kama Mwala, Kaunti ya Machakos, ambako shamba la kawaida la mboga halizidi ekari chache na ambako maji ndiyo huamua nani avune na nani akose?

Eneobunge la Mwala lina wadi sita: Mbiuni, Makutano/Mwala, Masii, Muthetheni, Wamunyu na Kibauni. Upande mmoja limepakana na Mto Athi, na kandokando ya mto huo, kama kule Kabaa, wakulima huvuta maji na kukuza nyanya, vitunguu, sukumawiki na mishiri, yale maharagwe machanga yanayouzwa ng'ambo. Mbali na mto, mkulima hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwa watu wa Ukambani ni za kutumainiwa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Huko, zao la bustani linalostahimili ukame ni mwembe.

Kilimo cha aina hii si cha mchezo. Maua, matunda na mboga zilizouzwa nje ya nchi ziliiletea Kenya zaidi ya Sh150 bilioni katika mwaka wa 2023. Aghalabu sehemu ya fedha hizo inayomfikia mkulima mdogo huwa haba, na inayomfikia kijana wa kibarua huwa haba zaidi.

Tuanze na kijana huyo, kwa kuwa ndiye ambaye droni itamgusa kwanza. Katika mashamba mengi ya nyanya na mishiri, kunyunyizia dawa ni kazi ya kijana aliyebeba pampu ya lita 20 mgongoni. Shamba la ekari moja kwa kawaida humlazimu kuijaza pampu hiyo mara nne hadi nane. Mara nyingi hana glavu, hana kinga ya pua, na viatu vyake ni ndara. Hulipwa ujira wa siku, na akiugua hugharamia matibabu yake mwenyewe.

Droni ya kunyunyizia dawa hutumia takriban lita nne hadi nane za mchanganyiko kwa ekari hiyo hiyo, na huimaliza kazi kwa dakika chache. Anayeiendesha husimama kando ya shamba, mbali na dawa. Kwa afya ya kijana, hiyo ni neema. Kwa mfuko wake, ni neema endapo tu yeye mwenyewe ndiye atakayeshika kidhibiti. Akija mgeni kutoka Nairobi na chombo chake, afanye kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja na kuondoka jioni, kijana wa Mwala atakuwa amepoteza kibarua bila kupata chochote badala yake. Hapo ndipo mjadala huu unapopaswa kuanzia.

Sheria nayo haijamrahisishia kazi. Kanuni za kwanza za droni nchini, za mwaka wa 2017, zilikataliwa na Bunge mwaka uliofuata kwa hoja kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Zilizofuata ni za mwaka wa 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini (KCAA). Kwa mujibu wa kanuni hizo, mwenye chombo sharti awe ametimiza umri wa miaka 18 na akisajili. Chombo hakipaswi kupaa zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, na anayekiendesha anatakiwa kukiona kwa macho yake wakati wote. Anayetaka kukifanyia biashara huhitaji leseni ya urubani pamoja na cheti cha uendeshaji.

Masharti haya yana maana yake. Anga hutumiwa na ndege za abiria na za kijeshi, na hakuna serikali inayoweza kuliachia jambo hilo holela. Hata hivyo, karo ya mafunzo, ada za vyeti na bei ya chombo chenyewe zikijumlishwa, gharama humzidi nguvu kijana ambaye mtaji wake wote ni simu na baiskeli. Droni kubwa za kunyunyizia dawa huuzwa kwa zaidi ya Sh1 milioni, na betri zake, ambazo huisha nguvu baada ya dakika kumi hivi za kupaa na mzigo, ni gharama nyingine.

Ni dhahiri basi kwamba kumwambia kila kijana ajinunulie droni ni kumwelekeza kwenye madeni. Hata kwa hesabu ya kawaida haiwezekani: chombo kinachoweza kuhudumia ekari nyingi kwa siku hakiwezi kulipa gharama zake kwa kunyunyizia nusu ekari hapa na robo ekari kule, huku mwenye chombo akipoteza saa nyingi barabarani kuliko hewani.

Japani iliwahi kukabili fumbo hili. Mwaka wa 1987 kampuni ya Yamaha ilianza kuuza helikopta ndogo isiyo na rubani, R-50, kwa ajili ya kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga. Mashamba ya Japani pia ni madogo, na wakulima wake walikuwa wakizeeka huku vijana wakihamia mijini. Helikopta hizo zilistawi kwa sababu waliofunzwa kuziendesha walitoa huduma kwa wakulima wengi, shamba baada ya shamba, badala ya kila mkulima kumiliki chake.

Mwala haihitaji kwenda Japani kujifunza utaratibu huo, kwa maana ina wake: mwethya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza jinsi eneo la Machakos, ambalo maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliliona kama ardhi iliyokwisha kuharibika, lilivyobadilika kufikia mwaka wa 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara tano, lakini mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua na mavuno kuongezeka. Siri mojawapo ilikuwa matuta ya fanya juu, na mengi ya matuta hayo yalichimbwa na vikundi vya mwethya, ambavyo wanawake walikuwa nguzo yavyo.

Ilivyokuwa kwa jembe na sepetu ndivyo inavyoweza kuwa kwa droni. Wakulima 30 wenye mashamba yanayopakana wakikubaliana kupanda kwa wakati mmoja, na kunyunyizia dawa siku moja, mashamba yao madogo huwa kama shamba moja kubwa machoni pa mwenye chombo. Bei kwa ekari hushuka, na wadudu hawapati pa kukimbilia. Pasipo makubaliano hayo, nondo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka wa 2014, hufukuzwa kwa jirani leo na kurudi kesho.

Makubaliano hayo yanahitajika pia kwa sababu ya hatari ambayo hotuba za maonyesho huisahau. Kwa kuwa droni hutumia maji machache, dawa yake huwa kali zaidi kuliko ile ya pampu ya mgongoni. Upepo ukiwa mwingi, matone hupeperushwa hadi kwenye kunde za jirani, kwenye mizinga ya nyuki au mtoni. Nyuki hao ndio wanaosaidia kuchavusha maua ya maembe, na asali yao ni kipato cha familia nyingi za Ukambani.

Isitoshe, soko la ng'ambo halisamehe. Mwaka wa 2013 Muungano wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri na njegere kutoka Kenya baada ya mabaki ya dawa, hususan dimethoate, kupatikana kwa kiwango kilichozidi kinachoruhusiwa. Wakulima wengi wadogo waliachwa na mazao yao mikononi. Dawa iliyokusudiwa nyanya za jirani ikiangukia mishiri iliyo tayari kuchumwa, mwenye mishiri ndiye atakayekosa soko ingawa hakukosea lolote. Je, atamdai nani fidia? Mwenye nyanya, mwenye droni au aliyeuza dawa? Swali hili linafaa kujibiwa kwa maandishi kabla ya chombo kupaa.

Hata hivyo, kunyunyizia dawa ni sehemu moja tu ya kazi ambazo teknolojia mpya inaweza kuzalisha, na huenda isiwe kubwa kuliko zote. Droni ndogo yenye kamera haina bei ya ile ya kubeba dawa, na kazi yake ni kutazama. Zipo kamera zinazonasa mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Jani lenye afya huurudisha mwanga huo kwa wingi, nalo lililopungukiwa na maji au lililoshambuliwa na ugonjwa huurudisha kidogo. Picha hizo huweza kumwonyesha mkulima pembe ya shamba yenye kasoro kabla jani halijageuka manjano.

Lakini picha haisemi kasoro hiyo ni nini. Doa hilo huenda likawa kiu, minyoo ya mizizi, upungufu wa mbolea au mrija wa matone ulioziba. Lazima mtu ashuke shambani, achimbe, aguse udongo, apasue shina na kuamua. Ujuzi huo wa kusoma picha na kuuthibitisha kwa mikono ndio wenye thamani, na hauhitaji kidhibiti cha droni peke yake. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha eneo lolote la nchi kila baada ya siku tano hivi, nazo hutolewa bure. Kila nukta ya picha hizo ni mraba wa mita 10, maana yake shamba la ekari moja huonekana kwa nukta 40 tu, na mawingu hulifunika wakati wa mvua. Pamoja na upungufu huo, kijana mwenye kompyuta na mafunzo anaweza kuanza kazi hii bila kununua chombo chochote.

Kwamba vijana wa Afrika Mashariki wanaweza kuifanya si ndoto. Kuanzia mwaka wa 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishirikiana na Kamisheni ya Ardhi ya huko, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ili kutengeneza ramani. Walirusha vyombo wenyewe na kuziunganisha picha wenyewe. Kadhalika Malawi ilifungua chuo cha mafunzo ya droni na takwimu jijini Lilongwe mwaka wa 2020, kwa ushirikiano na UNICEF. Ni vyema kuzingatia kwamba jina la chuo hicho linataja takwimu sambamba na droni.

Kwa Mwala, takwimu yenye faida ya haraka zaidi pengine ni ya nzi wa matunda. Nzi mharibifu kutoka Asia aligunduliwa nchini mwaka wa 2003, na uharibifu wake ndio uliosababisha Kenya kusitisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Muungano wa Ulaya mwaka wa 2014. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka wa 2021. Kufunguliwa kwake kulitegemea kazi isiyo na fahari yoyote: kutundika mitego miembeni, kuhesabu nzi walionaswa, kuandika idadi, mahali na tarehe, na kuchoma au kuzika matunda yaliyooza. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao Nairobi, kimetafiti mitego hiyo kwa miaka mingi.

Kazi ya kuhesabu nzi inahitaji mtu mwaminifu mwenye simu inayotambua mahali alipo. Eneo la maembe likipata mtu wa namna hiyo, na rekodi zake zikakubalika kwa KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, bei ya embe haitakuwa tena mikononi mwa wakala mwenye lori pekee. Hii ni ajira ya teknolojia kamili, ijapokuwa haivumi angani.

Kadhalika kuna pampu za sola, mirija ya matone na vitambuzi vya unyevu wa udongo. Vifaa hivi vinaenea, navyo huharibika. Mkulima ambaye pampu yake imezima nyanya zikiwa na maua hawezi kumngoja fundi kutoka jijini kwa siku tatu. Vilevile kuna vyumba baridi vya bei nafuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamejaribu kuhifadhi maembe kwa kifaa kinachoiwezesha mashine ya kawaida ya kupoza hewa kushusha joto zaidi ya kawaida yake. Anayeendesha chumba cha aina hiyo, akajua embe gani liingie na litoke lini, ana kazi ya kudumu kuliko ya rubani anayeitwa mara mbili kwa msimu.

Nyuma ya haya yote kuna pengo la maafisa wa ugani. Pendekezo linalotajwa mara kwa mara ni afisa mmoja kwa wakulima 400, ilhali nchini afisa mmoja huhudumia zaidi ya wakulima 1,000. Tangu kilimo kilipogatuliwa kwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, lawama za uhaba huo zimekuwa zikirushwa huku na huku. Programu za simu zimejaribu kuliziba. Nuru, iliyobuniwa na watafiti wa PlantVillage kwa ushirikiano na FAO, humwezesha mkulima kutambua magonjwa ya muhogo na kiwavi jeshi kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye jani, na hufanya hivyo hata pasipo intaneti. Hata hivyo, bibi wa miaka 65 mwenye simu ya kibonyezo hataitumia programu hiyo. Atamhitaji mjukuu wa jirani anayejua kuitumia, na mjukuu huyo atahitaji malipo.

Wanaotilia shaka mambo haya husema kwamba ufundi wa kigeni hauoti mizizi vijijini. Historia ya Mwala yenyewe yawajibu. Uchongaji wa vinyago vya biashara, ulioipa Wamunyu sifa duniani, haukuwa wa asili ya hapo. Anayetajwa kuuleta ni Mutisya Munge, ambaye aliujifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ulienea kwa kijana kuketi kando ya fundi na kupewa patasi, na baadaye wachongaji wakaunda chama cha ushirika ili kujitafutia soko.

Historia hiyo ina onyo pia. Mti wa mpingo ulikatwa hadi ukaadimika, na faida nono ya vinyago iliishia kwa wafanyabiashara wa mijini na ng'ambo. Ufundi uliota mizizi, ila mali ghafi na soko havikulindwa.

Mali ghafi ya kilimo cha bustani ni maji. Mto Athi hufika Mwala ukiwa umepitia pembezoni mwa Nairobi na viwanda vyake, ukibeba majitaka ambayo wakazi wa chini wamelalamikia kwa miaka mingi. Hakuna picha ya angani itakayoisafisha nyanya iliyonyweshwa maji machafu, wala programu ya simu itakayoijaza bwawa lililokauka. Serikali itakayonunua droni kabla ya kushughulikia maji itakuwa imenunua chombo cha kupigia picha ukame.

Nini basi kifanyike? Kwanza, Kaunti ya Machakos iepuke kishawishi cha kununua vyombo vingi vya kugawa. Vijana wawili kutoka kila wadi, yaani 12 kwa Mwala nzima, wakilipiwa mafunzo na leseni, na ushirika ukamiliki chombo kimoja au viwili kwa cheti kimoja cha uendeshaji, gharama itabebeka. Nafasi za kwanza wapewe wale wanaobeba pampu mgongoni hivi sasa. Wao wanajua dawa, wanajua mashamba, na wao ndio watakaopoteza.

Pili, KCAA iangalie namna ya kupunguza ada kwa vyama vya ushirika vya wakulima bila kulegeza usalama. Tatu, Chuo Kikuu cha Machakos, Chuo Kikuu cha JKUAT chenye sifa katika somo la kilimo cha bustani, pamoja na vyuo vya kiufundi vya mashinani, vifundishe kusoma picha za mimea, kutunza rekodi za soko na kutengeneza pampu, wala visiishie kwenye urushaji. Nne, takwimu za mashamba zibaki mali ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ipo, na mwethya unaojua kiasi cha mavuno yake kabla ya wakala kujua una nguvu mezani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekwisha kubisha hodi Ukambani. Iwapo mwenyeji atapona au atasukumwa kando, jibu litatokana na majina yatakayoandikwa kwenye leseni za kwanza. Wenye kupanga bajeti ya kaunti wanayo fursa ya kuyaandika majina ya Mbiuni na Kibauni kabla wengine hawajajiandikia yao.